Mnaikumbuka siku ileile, na huenda hakuna kati yenu aliyekuwepo

Swali: Shikamoo Daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, nimezaliwa na kukulia Kilosa. Siku Baba wa Taifa alipofariki nilikuwa nyumbani. Naiona kabisa: Jumapili, tumetoka kanisani, baba amekaa kwenye kigoda chini ya mwembe, redio yake ya betri mapajani, Rais Mkapa anatangaza. Mama anapepeta mchele, ungo unamponyoka, mchele unamwagika, kuku wanaukimbilia. Mdogo wangu wa kiume, yule niliyemwachia ziwa, anacheka kila nikisimulia. Anasema sikuwepo, nilikuwa bweni Iringa, kidato cha kwanza, na aliyekuwa pale ni yeye. Baba hayupo tena. Mama amezeeka, ukimuuliza anasema wote mlikuwepo. Juzi kwenye arobaini ya shangazi tumekosana mbele za watu, akaniita mwongo. Daktari, mimi si mwongo. Kati yetu nani anasema kweli? Na kama ni mimi niliyekosea, nina ugonjwa gani?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Pole kwa msiba wa shangazi, na pole kwa neno ulilotupiwa mbele za watu.

Nianze na kalenda, maana kalenda haina upande katika ugomvi wa ndugu. Mwalimu Nyerere alifariki katika hospitali ya St Thomas, London, tarehe 14 Oktoba 1999, na Rais Mkapa akalitangazia taifa siku hiyohiyo. Ilikuwa Alhamisi. Kwa hiyo Jumapili yako, pamoja na nguo za kanisani, imeshatoka. Tena katikati ya Oktoba shule za bweni ziko katikati ya muhula. Kama kweli mwaka ule ulikuwa kidato cha kwanza Iringa, basi siku ile ulikuwa Iringa, labda uwe ulipewa ruhusa ya ugonjwa au msiba ambayo hukunitajia.

Lakini mdogo wako asishangilie mapema. Mtoto wa darasa la nne au la tano, siku ya Alhamisi, yuko wapi? Yuko darasani. Inawezekana aliumwa akabaki nyumbani. Inawezekana alirudi mchana akakuta tangazo linarudiwa, maana lilirudiwa. Na inawezekana mchele ulimwagika yeye hayupo na wewe haupo, mbele ya baba, mama na kuku, halafu nyote wawili mkaurithi. Ukinibana niseme, mimi naelemea huko.

Wala simwoni mwongo hapa. Mwongo anaujua ukweli ulipo, anaupitia kando. Wewe unasema unachokiona, na unakiona kweli. Shida iko kwenye jinsi kinavyotengenezwa hicho unachokiona, na hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Kabla sijaendelea nakuomba jambo. Soma maneno haya polepole, mara moja tu, usiyarudie: kitanda, uchovu, shuka, ndoto, kuamka, mto, kukoroma, usiku, godoro, miayo, chandarua, kupumzika. Basi. Yaache hapo, nitakuuliza baadaye.

Tuchukue tukio la kweli, tuseme ungo kuponyoka. Haliingii kichwani kama picha moja nzima. Rangi na maumbo hushughulikiwa nyuma ya ubongo, kisogoni. Sauti hushughulikiwa pembeni, usawa wa masikio. Mshtuko hupita kwenye amigdala, kifundo kidogo mfano wa lozi. Vipande hivyo hubaki vimetawanyika vilevile. Kinachovifunga pamoja, hasa mwanzoni, ni sehemu iitwayo hipokampasi. Ziko mbili, kila upande wa kichwa moja, na jina lenyewe ni la Kigiriki, la farasi wa baharini, kwa sababu ya umbo lake lililojikunja. Hipokampasi haihifadhi tukio zima. Inashika ncha za kamba: kipande hiki kinakwenda na kile. Na kamba yenyewe ni badiliko dogo sana kwenye viungio vya seli za neva, yaani sinepsi. Seli moja ikiichochea nyingine kwa nguvu na kwa kurudiarudia, mawasiliano kati yao huwa mepesi kwa muda mrefu baada ya hapo. Timothy Bliss na Terje Lømo walilionyesha jambo hilo kwenye hipokampasi ya sungura na kulichapisha mwaka 1973.

Tulijuaje kazi ya hipokampasi kwa binadamu? Kwa gharama ya mtu mmoja. Mwaka 1953 Mmarekani Henry Molaison, kijana wa miaka 27 aliyeteswa na kifafa, alifanyiwa upasuaji na daktari William Scoville huko Hartford, akaondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili. Kifafa kilipungua. Lakini tangu siku hiyo hadi kifo chake mwaka 2008 hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya za maisha yake. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimfanyia utafiti kwa miaka mingi, na kila alipoingia chumbani Molaison alimwona mgeni. Ya utotoni aliyakumbuka. Na hapa ndipo pananivutia: Milner alimfundisha kuchora nyota akiwa anautazama mkono wake kwenye kioo tu, kazi inayochanganya mtu yeyote. Siku ya tatu alikuwa anaichora vizuri, huku akisema hajawahi kuifanya. Mkono ulikuwa umejifunza, mwenye mkono hana habari. Kumbe hata hili neno letu moja, kumbukumbu, linabeba vitu vingi visivyokaa mahali pamoja.

Sasa, unapokumbuka, kazi inakwenda kinyume. Mtu anataja Mwalimu, au unasikia harufu ya mchele mpya, ncha moja ya kamba inavutwa na vipande vinaanza kuja. Haviji vyote. Vingine vimeshaoza. Lakini wewe hupati picha yenye matobo, unapata picha kamili, kwa sababu ubongo unayaziba matobo kwa kitu kilichopo karibu: unavyoijua dunia, unavyomjua baba yako, jinsi Jumapili zilivyokuwa Kilosa. Wewe umekulia Kilosa, nyumba ya udongo unaijua. Nguzo na fito ni zilezile alizosimamisha babu, ila kila baada ya masika mnakandika upya. Anayepita nje haoni ni sehemu ipi ya ukuta ni ya mwaka arobaini na saba na ipi ni ya wiki iliyopita. Hata mwenye nyumba, akikaa siku chache, haoni tena.

Frederic Bartlett, mwanasaikolojia wa Cambridge, alilionyesha hili katika kitabu alichokichapisha mwaka 1932. Aliwapa Waingereza wasome hadithi ya wenyeji wa Amerika Kaskazini, yenye mizimu na vita vya mitumbwi, kisha akawaomba waisimulie baada ya muda, tena na tena. Kila safari hadithi ilizidi kuwa ya Kiingereza. Mitumbwi ikawa maboti. Kuwinda sili, mnyama wa baharini, kukawa kuvua samaki. Mizimu, ambayo ndiyo hadithi yenyewe, ikafifia kwa sababu hawakuwa na pa kuiweka. Hakuna aliyekusudia kuiharibu. Kila mmoja aliona anasimulia alichosoma.

Kitabu hichohicho kina kisa ambacho wenzangu hawakitaji sana, nami nakipenda. Bartlett alikuwa Swaziland, nchi ambayo leo ni Eswatini, akamhoji mchungaji mmoja kuhusu ng'ombe ambao tajiri wake alikuwa amewanunua kama mwaka mmoja nyuma. Mchungaji akawataja mmoja mmoja: rangi, alama, bei, na muuzaji. Walipolinganisha na daftari la tajiri, makosa yalikuwa mawili, madogo. Huyu hakuwa na kichwa cha ajabu. Ng'ombe ndio maisha yake, kila undani una mahali pa kukaa. Hadithi ya mizimu ya watu wa mbali haikuwa na mahali kwa Mwingereza, ng'ombe alikuwa napo kwa Mswazi.

Turudi kwako. Jumapili yako ilitoka wapi? Tazama ulichonacho kwenye picha: baba yuko nyumbani mchana, familia iko pamoja, watu ni wakimya, habari ni nzito. Katika maisha ya mtoto wa Kilosa, hayo yote yanapatikana siku gani? Ubongo wako haukubuni ovyo. Ulipewa ukuta wenye tundu, ukaziba kwa udongo wa palepale.

Yale maneno je? Usirudi juu kwanza. Neno ndoto lilikuwemo? Kukoroma? Usingizi? Haya, sasa rudi uangalie. Usingizi haumo. Kama ulisema umo, uko na watu wengi. Henry Roediger na Kathleen McDermott walichapisha majaribio ya namna hii mwaka 1995, wakifufua kazi ya James Deese ya mwaka 1959. Katika jaribio la kwanza wanafunzi waliandika neno lisilokuwepo kwa kiasi cha asilimia 40 ya orodha walizosomewa. Katika la pili, asilimia 55. Na wengi, walipoulizwa kama wanadhani tu au wanakumbuka kabisa kulisikia, walisema wanakumbuka kabisa. Tena usifikiri hili ni la wasahaulifu. Wapo watu wachache duniani wanaoweza kukwambia walichofanya karibu kila siku ya maisha yao tangu ujana, ukitaja tarehe wanakupa siku ya wiki na walichokula. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, waliwapa watu 20 wa aina hiyo mitego kama huu. Waliingia kama sisi.

Utaniambia: maneno ya orodha ni kitu kidogo, mimi nasema siku ya kifo cha Mwalimu, siku hiyo haisahauliki. Ndivyo tunavyohisi wote. Mimi mwenyewe nina yangu. Kwa miaka nimesimulia nilivyosikia mlipuko wa ubalozi wa Marekani pale Dar es Salaam, Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, vioo vya dirisha vikitetemeka. Shajara yangu ya mwaka ule, kwa mwandiko wangu, inasema wiki ile nzima nilikuwa Tanga kwenye harusi ya binamu. Nimekubali. Vioo bado navisikia.

Jambo hili limepimwa vizuri. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kililipuka angani kikiwa na watu saba. Kesho yake asubuhi Ulric Neisser, wa Chuo Kikuu cha Emory, aliwapa wanafunzi karatasi waandike: ulipataje habari, ulikuwa wapi, na nani, ukifanya nini. Akazitunza. Baada ya miaka miwili na nusu hivi, yeye na Nicole Harsch wakawarudia 44 kati yao na maswali yaleyale. Majibu mapya yakalinganishwa na ya zamani kwa alama kuanzia 0 hadi 7. Wastani haukufika 3. Wanafunzi 11, robo ya wote, walipata sifuri kamili: mahali si pale, watu si wale, namna ya kupata habari siyo. Lakini walipoulizwa wana hakika kiasi gani, wastani ulizidi 4 kati ya 5. Na walipoonyeshwa karatasi zao wenyewe, ile kumbukumbu ya awali haikurudi. Ilikuwa imekwisha kandikwa juu.

Kwa hiyo, dada, neno lako lile la kwanza, "naiona kabisa", nalikubali kama maelezo ya hali yako. Silichukui kama ushahidi. Hata la mdogo wako silichukui.

Sasa swali lenyewe hasa: vipande vimetoka wapi, kama wewe ulikuwa bwenini? Kwa sababu si vya uongo vyote. Baba alikuwa na redio. Mwembe upo. Sauti ya Mkapa umeisikia kweli, pengine siku ileile, shuleni, na bila shaka umeisikia tena mara nyingi, kwa kuwa kila ikifika 14 Oktoba, sikukuu ya taifa, tangazo lile husikika upya redioni na kwenye televisheni. Ungo na kuku, nadhani, ni simulizi la baba. Ulirudi likizo ya Desemba, mkakaa jioni, msiba ungali mbichi, baba akasimulia. Ulipokuwa unasikiliza uliona picha, kama kila msikilizaji mzuri anavyoona, na uliona uwanja unaoujua, mwembe unaoujua, ungo wenyewe unaoujua. Picha hiyo iliwekwa. Kilichobanduka ni kile kikaratasi kinachosema imetoka wapi.

Wataalamu wa fani yetu wanaona hiki ndicho kiungo dhaifu kupita vyote. Ubongo huhifadhi kitu vizuri kuliko unavyohifadhi chanzo chake. Miaka ikipita unabaki na picha, na swali "hii niliona, niliambiwa, au niliwaza?" unalijibu kwa kukisia: ikiwa wazi na yenye rangi, unasema niliona. Msimuliaji hodari, na inaelekea baba yenu alikuwa mmoja, anakuachia picha zenye rangi kuliko zako mwenyewe.

Ndugu kugombania kumbukumbu moja si ajabu ya nyumba yenu. Mwaka 2001 Mercedes Sheen, Simon Kemp na David Rubin walichapisha utafiti juu ya mapacha waliokua pamoja, ambao kila mmoja anadai jambo lilimpata yeye na si mwenzake. Madai hayo yalikuwa mengi ya utotoni. Walipowapima ndugu wasio mapacha, na marafiki, waliyakuta pia, ila machache zaidi. Kadiri watu wanavyofanana umri, nyumba na safari, ndivyo ilivyo rahisi picha ya mmoja kuhamia kwa mwingine.

Kiswahili chetu, naona, kililijua hili kabla ya maabara. Tuna kukumbuka, tuna kukumbusha, halafu tuna kukumbushana. Familia ikikaa jioni haikumbuki, inakumbushana. Na katika kukumbushana kila mmoja anaondoka na kidogo cha mwenzake. Fiona Gabbert na wenzake waliliwekea namba mwaka 2003: watu wawili walitazamishwa video wakidhani ni moja, kumbe kila mmoja alionyeshwa tukio kutoka upande tofauti, na kila upande una mambo ambayo mwingine hauonyeshi. Wakaachwa wazungumze. Baadaye, kila mmoja akiwa peke yake, asilimia 71 ya waliozungumza walitaja angalau jambo moja ambalo wao hawakuliona kabisa. Lilitoka mdomoni kwa mwenzao. Hapo ni mazungumzo ya muda mfupi. Nyinyi mmekumbushana zaidi ya miaka ishirini.

Na kila mkikumbushana mnakandika. Mwaka 2000 Karim Nader, Glenn Schafe na Joseph LeDoux, New York, walionyesha kwa panya kwamba kumbukumbu ya hofu iliyokwisha kukaa imara, ikiamshwa, hulegea kwa muda na huhitaji kukazwa upya. Waliizuia isikazwe kwa dawa inayosimamisha utengenezaji wa protini kwenye amigdala, na panya akaishi kana kwamba hakuwahi kutishwa. Kwa binadamu hatuchokonoi hivyo, na hadithi ya redio na ungo ni pana kuliko hofu ya panya, kwa hiyo sitaki kuivuta mbali. Lakini inanielezea kwa nini kumbukumbu inayosimuliwa sana haibaki kama ilivyoanza. Ile usiyoigusa hufifia. Ile unayoigusa kila mwaka hung'aa, na mng'ao mwingine ni wa mikono yako.

Maneno ya anayeuliza nayo yanaingia ukutani. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi 150 filamu ya ajali ya magari. Kundi moja likaulizwa magari yalikuwa na kasi gani yalipopondana, jingine yalipogongana. Wiki moja baadaye wote wakaulizwa: mliona vioo vilivyovunjika? Havikuwepo. Waliosikia "kupondana" walisema wameviona kwa asilimia 32, waliosikia "kugongana" asilimia 14. Neno moja tu, wiki moja nyuma. Fikiri basi maswali uliyoulizwa wewe miaka yote na mashangazi na wifi: "Mchele wote ulimwagika? Mama alilia?" Kila swali limekuja na udongo wake.

Wanasheria wetu walilijua hili mapema, na nawaheshimu kwa hilo. Mwaka 1980, katika kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni wa aina dhaifu kabisa na usioaminika, na kwamba mahakama isiutegemee mpaka nafasi zote za kukosea ziwe zimeondolewa. Ikataka hakimu apime mambo ya kawaida kabisa: shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, na je, alikuwa akimfahamu kabla. Kesi hiyo inatajwa mahakamani mpaka leo. Nchini Marekani, katika kesi za watu waliofungwa kisha vipimo vya vinasaba vikaonyesha hawakutenda, takriban saba katika kila kumi zilikuwa na shahidi aliyemtambua mtu asiyehusika. Wengi wa mashahidi hao walikuwa waaminifu kama wewe, na walikuwa na hakika kama wewe.

Najua msomaji mmoja atauliza: kama kichwa ni hivyo, mbona kuna watoto Lamu na Unguja wanaohifadhi Kurani yote, herufi kwa herufi? Swali zuri, kwa sababu linaonyesha kumbukumbu inahitaji nini ili isikandikwe. Mwanafunzi wa madrasa anasoma mbele ya mwalimu. Akikosea irabu moja anasimamishwa palepale, anarudia, na kesho anarudia tena aliyoyahifadhi jana, na msahafu upo kama hakimu. Tenzi nazo zina ulinzi wake: mizani minane kila kipande, vina vitatu vinavyofanana, na kina cha mwisho kinachorudi ubeti hadi ubeti. Ukipachika neno la uongo, kina kinakufichua. Simulizi la jioni halina mizani wala msahafu. Kinacholipima ni kicheko cha wasikilizaji tu, na mchele uliomwagika unachekesha kuliko mchele uliobaki kwenye ungo.

Ugonjwa huna. Ulichonacho ni ubongo unaofanya kazi kama ya wengine. Kwa mama mzee ningekuwa macho kwa mambo mengine: kuuliza swali lilelile mara tatu ndani ya saa moja, kupotea njia ya kisimani anayoijua, kushindwa kupika ugali aliopika maisha yote. Ukiyaona hayo mpeleke kwa daktari, usiseme ni uzee tu. Jibu lake la "wote mlikuwepo" peke yake halinitishi.

Kama mnataka kulimaliza, msilimalize kwa kuzungumza, mtazidi kupakana udongo. Kila mmoja aandike kivyake, peke yake, kurasa moja au mbili, na pembeni ya kila jambo aweke alama: hili niliona, hili niliambiwa, hili sijui. Utashangaa hiyo ya tatu itakavyojaa. Mama muulizeni kila mmoja kwa wakati wake, kwa swali lisilo na jibu ndani: "Mama, nieleze siku Mwalimu alipofariki", kisha mnyamaze. Msimwambie nani anasema nini. Tafuta ripoti yako ya muhula ule kama ipo, au barua uliyoandika ukiwa shule. Siku hizo mliandikiana.

Na kuna jambo moja zaidi ambalo ningekuwa wewe ningelifuata kwanza. Kama ulikuwa Iringa, basi una tarehe 14 Oktoba 1999 nyingine, ya kwako kweli, ambayo hukuwahi kuisimulia kwa sababu ile ya Kilosa iliipokonya nafasi. Huenda mliitwa mstarini, kengele isiyo ya saa yake, matroni amesimama kimya, wasichana wanalia juu ya vitanda vya ghorofa. Mimi siwezi kukuambia, na nimeshakutajia mengi kuliko inavyofaa. Bila shaka kuna mwenzako wa bweni ambaye bado mnapigiana simu. Mpigie, umwulize siku ile tulikuwa wapi, na usimtajie mwembe.